Mize Alimlilia Nani?

Sikio halina kope. Jicho ukitaka kulifumba unalifumba, mdomo ukitaka kuubana unaubana, lakini sikio liko wazi tangu unapozaliwa hadi unapofukiwa, na kila apitaye anaingia humo bila kubisha hodi. Kwa hivyo mimi siliamini sikio. Wala siuamini muziki, ambao umeijua siri hiyo zamani na kuitumia. Mtu akinijia na maneno, namwuliza anataka nini. Akinijia na picha, naigeuza nione nyuma yake pana nini. Lakini aliyekuja na sauti tupu, isiyosema kitu, akapenya mpaka kifuani mwa mke wangu na kutoka na machozi yake, huyo nimwulize nini?

Naitwa Vuai. Katika mji wetu nilikuwa Mkaguzi wa Sauti, kazi ambayo Baraza lilinipa kwa sababu muziki haunifanyi kitu. Sisemi kwa majivuno. Wapo waliozaliwa hawapati harufu. Mimi nimezaliwa hivyo. Naisikia ngoma, najua ni ngoma, najua kama inakwenda mbio au polepole, basi. Kila wimbo mpya uliletwa kwangu kabla ya kupigwa hadharani, nami niliusikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtu asiyemjua, nikasema una kitu au hauna kitu.

Maana mji wetu uliwahi kuungua. Lini, sijui kwa hakika. Wapo wanaosema ni kabla hatujazaliwa, wapo wanaosema ni mwaka jana, na wote wanaukumbuka moshi ule ule. Wanachokubaliana ni kwamba moto ulianza na wimbo. Watu walikusanyika uwanjani kusikiliza, wakalia, wakaulizana wanalilia nini, na kila mmoja akapata jibu lake. Majibu yalipogongana ndipo nyumba zikawaka. Tangu hapo Baraza likaamua kwamba furaha itatangazwa na msiba utatangazwa, na mtu hatalia hadharani bila kujulikana sababu. Hakuna aliyekatazwa kulia. Tulitakiwa tu tujue tunamlilia nani.

Ndipo akaja Shaame na zeze lake. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shavu moja limevimba, anajibu maswali huku ameshika taya. Nilimwita ofisini anipigie wimbo wake. Akapiga. Nikamwuliza jina la wimbo, akasema hauna jina. Nikamwuliza aliutunga kwa ajili ya nini, akasema vidole vilikwenda, vikarudi, basi ukawa wimbo. Hauna maneno, nikasema moyoni, kwa hivyo hauna kosa. Nikaupitisha.

Ulipigwa alasiri, katika ukumbi wa Baraza, madirisha yote wazi. Nilikaa na mke wangu, Mize, karibu na nguzo. Shaame alikuwa hajafika mbali nilipohisi tone la maji juu ya mkono wangu. Nikatazama juu nikidhani paa linavuja. Paa lilikuwa kavu. Mize alikuwa analia. Hakuwa anatoa sauti, hakuwa anajifuta. Alikaa wima, mikono mapajani, uso umelowa wote kama mtu aliyetoka kwenye mvua. Na watu wakaanza kugeuka.

Lazima niseme kuhusu Nunu, ingawa sitaki. Nunu alikuwa binti yetu. Aliishi mpaka akaanza kusimama kwa kushika viti, halafu homa ikamchukua. Mimi nililia mpaka majirani wakanishika mikono. Mize hakulia. Alimwosha mwanawe, akapokea wageni, akahakikisha kila mtu amekula, na walipoondoka akafua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Watu walisema ana moyo mkavu. Niliwajibu kwamba kila mtu na msiba wake. Lakini ndani yangu nilisubiri. Niliyasubiri machozi yake kama unavyomsubiri mgeni aliyesema anakuja, na miaka ikapita, kama kweli ilikuwa miaka. Sasa machozi yamekuja, na yamepewa mtu wa zeze mwenye shavu lililovimba. Mle ukumbini sikumwonea huruma mke wangu. Nilihisi nimeibiwa.

Mitaa ya mji wetu haina urefu wa kudumu. Ukiwa na wasiwasi inarefuka tu. Siku ile njia ya nyumbani haikwisha.

"Mize."

"Naam."

"Ulikuwa unamlilia nani mle ndani?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwelikweli, kama mtu anayepapasa mfukoni. "Sijui," akasema.

"Hujui vipi? Machozi si yako?"

"Ni yangu."

"Basi?"

"Basi sijui, Vuai. Yalikuja."

"Ni Nunu?"

Akasimama katikati ya njia. "Si Nunu. Ningekuwa namlilia Nunu, ningejua."

"Unamfahamu yule mpiga zeze?"

"Nani? Yule mwenye shavu?" Akacheka kidogo, macho bado mekundu. "Tangu lini?"

Kicheko kile nilikwenda nacho nyumbani, nikakigeuza na kukigeuza. Kwa nini acheke? Asiye na hatia hucheka au hukasirika? Na kama angekasirika, je, nisingesema kwamba kakasirika kwa sababu nimemgusa penyewe? Kama hamlilii mtoto, anamlilia mtu. Kama hamlilii mtu, analilia kitu. Kama halilii kitu, basi machozi yanaweza kutoka bila kwenda popote, na kama machozi yanaweza, mapenzi nayo je? Alipoolewa nami, alinipenda mimi, au palikuwa na sauti fulani inapita siku hiyo na mimi nilikuwa nimesimama karibu?

Ngwali, mkuu wa Baraza, alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo ili mumwogope inavyostahili. Aliniita kwake, akanimiminia chai ya tangawizi kwa mkono wake mwenyewe, akauliza habari za nyumbani. Alikuwa na tabia ya kunimalizia sentensi, na kila aliponimalizia nilikuta ndivyo hasa nilivyotaka kusema, hata baada ya muda sikuwa na hakika ni nani kati yetu anazungumza. Kuna siku nilitazama kwenye kioo cha dirisha lake nikamwona yeye amekaa kwenye kiti changu. Labda ni mwanga tu. Labda ofisi ile inamfanya kila anayekaa humo awe Ngwali, polepole, kuanzia kwenye mikono.

"Vuai, ndugu yangu," akasema, "mambo ni mawili. Ama wimbo ule una kitu na wewe hukukiona, ama mkeo ana kitu na wewe hukukiona. Kwa mkaguzi, lipi ni afadhali?"

"Alilia tu, Bwana Ngwali. Wanawake tena…"

"Mke wangu alikaa mbele ya mkeo. Hakulia." Akapuliza chai. "Waliomwona wamekwenda makwao na swali. Leo wanaulizana, Mize anamlilia nani? Mmoja anasema ana mtu wake. Mwingine anasema anawalilia wale tuliowafunga gerezani. Yupo na mwingine, na huyu ndiye ananitisha, anasema hata yeye alitaka kulia. Unaona moto unavyowashwa?"

"Naona."

"Sitaki kumwadhibu mtu. Nataka sababu. Sababu moja, ndogo, ambayo kila mtu anaweza kuibeba akarudi nayo kwake. Mlete mkeo siku ya kikao cha Baraza. Na wewe uje nayo hiyo sababu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Shaame. Nilimkuta uani kwa mwenye nyumba wake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana karafuu kinywani, macho yamemtoka kwa maumivu.

"Unamjua mke wangu?" nikamwuliza.

"Nani mke wako?"

"Aliyelia."

"Aa, yule wa kanga ya zambarau. Karibu na nguzo."

Sikuwa nimemwambia alikaa wapi wala alivaa nini. "Umemkumbuka vizuri," nikasema.

"Nitaachaje? Mpiga zeze anamwona anayemsikiliza. Wengine walikuwa wanatazamana waone kama wanaruhusiwa kufurahi. Wewe ulikuwa unaangalia kucha zako."

"Ulipokuwa unapiga, ulikuwa na huzuni gani?"

"Huzuni?" Akaipeleka karafuu upande wa pili. "Jino, Bwana. Nilikuwa naomba wimbo uishe nikasukutue maji ya chumvi."

"Muongo."

"Wallahi, jino."

"Yaani wewe huna huzuni, wimbo hauna maneno, na mke wangu hana sababu. Lakini machozi yalikuwepo, yalinidondokea mkononi. Yametoka wapi?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alinivutia kigoda cha kukalia, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari za ugonjwa wake: "Hilo nami linanitisha. Unadhani nalipenda? Nasugua uzi kwa uzi, na mtu nisiyemjua analia. Mwanzoni nilifurahi, nikajiona nina uwezo. Nikajaribu kusudi. Nikaikumbuka misiba yangu yote, nikapiga kwa uchungu mpaka nikatokwa jasho. Watu wakapiga miayo. Siku nina jino, wanalia. Sasa nani anayepiga hilo zeze? Mimi nimeacha kuuliza, Bwana Mkaguzi. Nikiuliza sana vidole vinakataa."

Niliondoka nikiwa na hakika kwamba ananidanganya. Nilipofika kona ya kwanza hakika ile ikawa imelegea, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Kama anadanganya, nina adui, ana jina, ana shavu, naweza kumfukuza mjini. Kama anasema kweli, basi ndani ya mke wangu kuna mlango usio na mwenyewe, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua kwa bahati mbaya, hata mtu anayewaza jino lake, na mimi niliyeishi naye miaka yote sijui hata uko ukuta gani. Nilisimama pale konani nikagundua kwamba ningependelea Shaame awe hawara yake.

Nikaanza kumchunguza Mize. Nilimfuata sokoni kwa mbali. Alinunua vitunguu, akasimama kidogo kivulini, akarudi. Siku nzima nilikifikiria kile kivuli. Nilimwangalia anavyosuka nywele, anavyofunga jiko, anavyotazama nje anapodhani sipo. Ukimtazama mtu muda mrefu hivyo anaacha kuwa mtu unayemjua. Kuna wakati alipita ukumbini kwetu na sikumtambua. Nikataka kuuliza bibi huyu ni nani na nani kamfungulia mlango. Naye, nadhani, alinijua vizuri zaidi kila siku, na hilo halikumfurahisha.

Siku moja kabla ya kikao nilimkuta amekaa mkekani anachagua mchele. Nikachuchumaa mbele yake.

"Nimepata njia," nikasema. "Sema ulikuwa unamlilia Nunu. Kila mtu atakubali. Hata Ngwali atakubali. Tutarudi nyumbani, yatakwisha."

Vidole vyake viliendelea kutoa chuya. "Lakini sikuwa namlilia Nunu."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Mize, wale watu wana gereza."

"Vuai," akasema, taratibu kabisa, "mwanangu hakufa ili Ngwali apate usingizi."

"Basi niambie ya kweli! Nipe kitu!"

Akasukuma mchele upande mmoja wa ungo. "Nitakwambia nilivyohisi, lakini usinikate. Ilikuwa kama mtu ameniita kwa jina ambalo bado sijapewa. Nikataka kuitika. Nikakuta sina sauti ya kuitikia. Ndiyo nikalia. Basi."

"Nani alikuita?"

Akauweka ungo chini. "Ndilo hilo. Kila nikikupa kitu, wewe unamtafuta mwenyewe wake."

Sikumwelewa. Naomba msiseme kwamba nilielewa nikajifanya sielewi. Tayari wapo wanaosema hivyo. Mtu aliyelelewa katika mji ambao kila chozi lina anwani hawezi ghafla kuamini barua isiyo na mtu wa kuipokea. Nilimtazama mke wangu anasema jambo ambalo huenda lilikuwa la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia, na kichwani mwangu nilikuwa natafuta mwanamume.

Kikao kilikuwa asubuhi. Ukumbi ulijaa. Mize alikalishwa mbele, peke yake, amejifunga kanga nyeupe, na Shaame akasimamishwa karibu yake na zeze. Shavu lake lilikuwa limeshuka; jino lilikuwa limeng'olewa. Ngwali akaeleza kwa upole kwamba hapana mtu anayeshitakiwa, kwamba Baraza linataka tu kusikia kile alichokisikia mama huyu. Akampa Shaame ishara.

Shaame alipiga vizuri. Hata mimi niliona kwamba alipiga vizuri kuliko mara ya kwanza. Watu wote wakamtazama Mize. Walimtazama machoni, mashavuni, kidevuni, wakisubiri. Hakulia. Wimbo ukaisha, ukumbi ukakohoa.

"Mbona sasa hulii, mama?" Ngwali akauliza.

"Mnanitazama," akasema Mize.

"Siku ile hukutazamwa?"

"Siku ile nilikuwa nasikiliza. Leo nasikilizwa."

Minong'ono ikapita viti vyote. Mmoja akasema anajificha. Mwingine akasema wimbo upigwe upya. Nyuma kabisa mtu akapaza sauti, "Anawalilia waliofungwa! Semeni ukweli!" na mwingine akamjibu, na viti vikaanza kusukumwa. Niliwaona askari wawili mlangoni wakinyoosha migongo. Ngwali hakuwatazama hao. Alinitazama mimi.

"Mkaguzi," akasema, "tusaidie. Mkeo alimlilia nani?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama nilifikiri. Kama palikuwa na nafasi, hata ndogo, kati ya swali na jibu, ambamo mtu anayeitwa Vuai alisimama akachagua. Siioni. Naisikia tu sauti, yangu au ya Ngwali akinimalizia, inasema:

"Mtoto wetu. Nunu. Alimlilia mtoto wetu."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Kisha wakalia. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Aliyekuwa amepaza sauti nyuma alikaa akajifunika uso. Wanawake waliinuka wakamzunguka Mize, wakamshika mabega, wakamwambia maskini mama, maskini, lia tu. Ngwali alitoa leso na akajifuta machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Nilikuwa karibu, niliyaona. Zeze lilikuwa kimya. Halikuhitajika tena. Walikuwa wamepewa sababu, na sababu ikafanya kwa wote kile ambacho wimbo ulikifanya kwa mmoja.

Katikati ya mikono ile yote Mize alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyesoma kibao cha mtaa akatambua kwamba ameshuka siko.

Ngwali akasimama, akatangaza kwamba kuanzia leo wimbo huu una jina. Utaitwa Wimbo wa Nunu. Utatiwa maneno, utafundishwa shuleni, na kila mwaka patakuwa na siku ya kuwalilia watoto wote wa mji waliotangulia, ukumbini humu, kwa pamoja. Watu wakapiga makofi huku wanalia.

Nyumbani Mize alitandika shuka kitandani, akaanza kupanga nguo zake juu yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

Dada yake alikaa nje ya mji, upande wa mashamba ya chumvi.

"Nilikuokoa, Mize. Ungeona askari walivyokuwa wamesimama."

"Najua umeniokoa. Ndiyo maana sikutukani." Akafunga shuka fundo. "Nilikuwa nimemweka mwanangu mahali, Vuai. Mahali ambapo hapana mtu. Nilipolia siku ile, nilifurahi hata kwamba chozi halikuwa lake, kwamba bado ninacho kitu kingine humu ndani kinachoweza kulia. Sasa mmemtoa mmemweka ukumbini. Nitakwenda kumtazama pamoja na wenye tiketi?"

Akachukua mzigo wake akatoka. Sikumfuata. Niliogopa kwamba nikimfuata nitakuwa namchunguza.

Siku ya maombolezo ilifika upesi. Huenda ni mwaka uliopita kati, huenda ni wiki; katika mji wetu sikukuu ndizo zinazovuta siku nyingine. Mimi niliwekwa kiti cha mbele, baba wa marehemu. Watoto wa shule walisimama kwa mistari, mashati meupe, wakaanza kuimba. Nunu nyota yetu, Nunu ua letu, ulale, sisi tunakesha. Shaame aliwapigia zeze, macho chini. Na ukumbi ulilia vizuri, kwa wakati wake, kama watu waliofunzwa.

Nilikuwa naangalia kucha zangu. Hapo ndipo kitu kikanikwaruza sikioni. Kulikuwa na kosa. Nikasikiliza. Ubeti wa pili ukapita, kosa likarudi pale pale. Katika wimbo wa kwanza, ule usio na jina, palikuwa na mahali sauti inasita. Ilikuwa inapanda, halafu kabla ya kufika inasimama, kitambo kidogo tu, kama pumzi iliyozuiwa, ndipo inashuka. Ninyi sikuwaambia habari hiyo kwa sababu sikujua kwamba niliisikia. Sasa mahali pale pamezibwa. Watunzi wa maneno walihitaji nafasi ya kutia jina, wakalitia pale: Nunu. Kila ulipofika wakati wa kunyamaza, watoto arobaini au zaidi walipajaza jina la binti yangu.

Nami, niliyekagua sauti zote za mji huu bila kuhisi kitu, nilikaa pale nikiukosa ukimya mdogo kuliko kupepesa jicho. Niliukosa kwa kifua kizima. Je, huu ndio muziki, kile kisichokuwepo tena? Au nilikuwa namkosa mke wangu nikakiita muziki? Sikujiamini. Sijiamini hata sasa. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kusimama.

"Acheni," nikasema. Hawakusikia. "Acheni! Si kweli! Hakuwa anamlilia mtoto. Mimi ndiye niliyesema, nilisema uongo hapa hapa. Mtoto huyu hamumjui. Hamkumjua. Alikuwa anapenda kula chokaa ya ukutani, mnajua hilo? Wimbo huu si wake. Hauna mwenyewe!"

Watoto wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika mji ule nilidhani nimesikika. Kisha mwanamke mmoja akatoa kilio kikubwa, na ukumbi ukapasuka. Walilia kuliko walivyowahi kulia. "Baba wa watu!" wakasema. "Chokaa ya ukutani! Uchungu umempanda kichwani!" Walikuja wakanikumbatia, shati langu likalowa begani kwa machozi ya watu nisiowajua. Nilipozidi kusema kwamba ni uongo, ndivyo walivyozidi kuniamini kwamba nina huzuni. Ngwali akanifikia katikati yao, akaniweka kifuani, akaninong'oneza sikioni:

"Tulijua siku ile ile, ndugu yangu. Sasa kaa. Umefanya vizuri sana, watu wanakutazama."

Alinipigapiga mgongoni. Nikauona mkono wake begani kwangu, na ikaniwia vigumu kusema ni mkono wa nani. Nikauondoa. Shaame, kule jukwaani, alikuwa ameinua uso. Akalilaza zeze sakafuni taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nilitoka kwa ule wa mbele, na hakuna aliyenizuia. Walidhani nakwenda kaburini.

Njia ya mashamba ya chumvi ni nyeupe, jua linaipiga kutoka juu na kutoka chini. Nilikwenda nikijiuliza naendea nini. Kuomba radhi? Kumwona yuko na nani? Sauti ile ya zamani ilikuwa bado inanong'ona: na kama utamkuta Shaame kafika kabla yako? Sikuweza kuinyamazisha. Nilitembea nayo.

Dada yake aliniona kwanza. Aliingia ndani bila kunisalimu. Mize alikuwa uani, mikono imelowa hadi viwiko, anafua blanketi zito la kijivu kwenye beseni. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kuuliza nini?" akasema.

"Wamepaziba pale," nikamwambia. "Pale ilipokuwa inasita. Wametia jina lake."

Mikono yake ikasimama majini. Alinitazama kwa muda, kwa shaka, kama ninavyojua mimi kumtazama mtu.

"Ulipasikia?"

"Baada ya kuzibwa."

Akalivuta blanketi kutoka kwenye beseni, likatoa maji mengi, akanirushia ncha moja.

"Shika huku. Kaza. Usizungushe nami, zungusha kinyume."

Nikakaza. Yeye alizungusha upande wake, mimi wangu, blanketi likajisokota katikati yetu likawa gumu kama kamba, maji yakamwagika ardhini na kuturukia usoni. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. Yalikuwa maji ya blanketi, au yalikuwa yake, na kama yalikuwa yake yalikuwa na sababu, au hayakuwa nayo. Swali lilinijia mdomoni likiwa kamili.

"Bado," akasema Mize. "Zungusha tena."

Nikazungusha.